Jioni mbili Paris: Debussy na chelo ya Dutilleux

Nilisikiliza programu hii jioni mbili mfululizo katika ukumbi mkubwa wa Philharmonie de Paris, na ninaandika hasa kwa ajili ya anayejiuliza akate tiketi ya upande gani. Jioni ya kwanza nilikaa nyuma ya okestra, ya pili nikakaa mbele, na katika koncheto ya chelo, yaani utungo ambamo chelo (fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa) huongoza na okestra huiitikia, tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Ukumbi huo, uliofunguliwa Januari 2015, una viti 2,400 vinavyoizunguka okestra pande zote, na hata msikilizaji aliye mbali kabisa yuko mita 32 tu kutoka kwa kiongozi wa okestra.

Utungo wa kwanza ulikuwa Prélude à l'après-midi d'un faune wa mtunzi Mfaransa Claude Debussy, wa mwaka 1894, unaofunguliwa na filimbi moja isiyosindikizwa na ala yoyote. Hauna tarumbeta wala ngoma, na uzuri wake wote umo katika jinsi rangi ya sauti inavyobadilika pale wimbo uleule unapopokewa na ala nyingine. Debussy hakupenda kuitwa mwimpreshonisti, yaani msanii wa hisia na rangi kuliko mistari iliyo wazi, lakini ukisikiliza vinubi viwili vikiteleza chini ya filimbi ile unaelewa kwa nini jina hilo lilimganda. Kwa utungo huu kiti cha nyuma kilinifaa sana, kwa sababu nilikuwa karibu na mpigaji wa matoazi madogo, ambaye alitulia karibu muda wote, kisha mwishoni akayagonga kwa upole kiasi kwamba nilisikia mlio kabla sijauona mkono ukisogea.

La mer (Bahari), utungo mwingine wa Debussy uliopigwa baada ya mapumziko, ilinigusa kidogo zaidi. Debussy aliomba wapiga chelo 16 kwa ajili ya kifungu kimoja cha sehemu ya kwanza. Okestra hii ilikuwa na pungufu ya hao, ingawa kifungu chenyewe kilipigwa kwa joto. Katika sehemu ya tatu, upepo na bahari vinapojibizana, mabaragumu na tarumbeta zilizifunika fidla, na kwa maoni yangu kiongozi alipaswa kuwazuia wapigaji wake.

Kilichonirudisha kesho yake ni koncheto ya mtunzi Mfaransa Henri Dutilleux, Tout un monde lointain…, iliyotungwa kwa ajili ya mpiga chelo Mrusi Mstislav Rostropovich na kupigwa naye kwa mara ya kwanza Aix-en-Provence mwaka 1970. Jina lake limetoka katika shairi la mshairi Mfaransa Baudelaire, na sehemu zake tano hupigwa bila kusimama. Aliyezoea okestra za taarabu za Unguja anaijua chelo kama nguzo inayobeba fidla na ganuni. Hapa ndiyo inayoongoza, na okestra huitikia kwa minong'ono. Lakini chelo hutoa sauti yake mbele. Nikiwa nyuma, niliona mgongo wa mpigaji ukiyumba huku nusu ya anachosema ikinipita.

Jioni ya pili, nikiwa safu ya nne, nilisikia hata msuguano wa uta kwenye uzi pale mwanzoni, chelo inapokuwa karibu peke yake. Katika sehemu ya pili, iitwayo Regard, kidole gumba cha mpigaji kilikuwa kimepanda juu kabisa ya ubao wa nyuzi, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba lakini haikutetereka hata mara moja. Unywele mmoja wa uta ulikatika ukawa unaning'inia, naye akauacha hadi alipopata pumziko fupi la kuung'oa. Koncheto hii haimaliziki kwa kishindo. Jioni ya kwanza mtu mmoja alipiga makofi mapema mno, na iliniuma. Jioni ya pili hakuna aliyethubutu, na uta ulibaki hewani kwa muda mrefu kabla mpigaji hajaushusha.