Wanakijiji wa Minecraft wakisema "Yambo": pakiti za sauti zinafaa?

Anayetaka wanakijiji wa Minecraft waache kuguna na waanze kusalimu kwa Kiswahili cha Lubumbashi hahitaji kujua kuandika programu. Pakiti za sauti, yaani folda ya faili unazoziongeza pembeni, za toleo la Java (lile la kompyuta) zinatosha. Huugusi mchezo wenyewe, na pakiti ikikuchosha unaiondoa kwenye menyu, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Mfumo huu ulikuja na toleo 1.6.1, mwaka 2013, na hadi leo ni kati ya vitu vilivyotengenezwa vizuri kabisa ndani ya mchezo huo. Lakini una tabia zake. Asiyezijua atapata kijiji bubu, au kijiji chenye makelele yasiyovumilika.

Kubadili sauti na kuongeza sauti ni kazi mbili tofauti. Maelekezo mengi yanafundisha kubadili tu: unachukua jina la faili la asili, mfano `idle1.ogg`, unaweka lako lenye jina hilohilo katika `assets/minecraft/sounds/mob/villager/`, basi. Inakubali, ila sauti za kawaida za mwanakijiji ni 3, kwa hiyo una nafasi 3 tu na mguno wa zamani umepotea. Kuongeza kunapitia `sounds.json`, na hapo ndipo pakiti inapoonyesha thamani yake. Faili zako zinakaa kwenye folda yako, tuseme `assets/lubum/sounds/kijiji/`, kisha katika `assets/minecraft/sounds.json` unaandika:

```
{
  "entity.villager.ambient": {
    "sounds": [
      "lubum:kijiji/yambo1",
      "lubum:kijiji/yambo2",
      { "name": "lubum:kijiji/habari1", "volume": 0.8, "weight": 2 }
    ]
  }
}
```

Jina linaandikwa bila `.ogg`. Neno `weight` lenye 2 linaipa sauti hiyo nafasi mara mbili ya wenzake. Usipoweka `"replace": true`, zako zinachanganywa na zile za asili: ukiongeza 6 zenye uzito sawa zinakuwa 9, na mguno unasikika mara moja katika kila tatu. Mchanganyiko huo ni bora kuliko kufuta vyote. Mguno unapumzisha sikio, na salamu inapokuja inasikika kama salamu kweli.

Sababu iko kwenye hesabu. Mwanakijiji aliye macho akishatoa sauti hukaa sekunde 4 hivi, kisha uwezekano wa kutoa nyingine unapanda kidogo kidogo. Kwa wastani ni sauti moja kila sekunde 6. Wawe 10 karibu nawe, tayari ni zaidi ya sauti moja kila sekunde. Ukiwawekea sentensi ya sekunde 3, watakuwa wanasema watano kwa pamoja na hutashika neno hata moja. Kwa hiyo sauti ya kawaida isizidi sekunde moja: "Yambo", "Habari", kikohozi kifupi, kucheka kidogo. Maneno marefu yana mahali pake, yaani kwenye biashara.

Na biashara ndiyo sehemu tamu ya kazi hii yote. Ukimfungulia mwanakijiji dirisha la kubadilishana, anaacha `ambient` (sauti ya kawaida) na kutumia `entity.villager.trade`, hapo "Bei gani?" inakaa vizuri. Ukiweka vitu vinavyotosha, inalia `entity.villager.yes`: "Njo vile!" Ukiweka visivyotosha, inalia `entity.villager.no`, na "Apana, ongeza kiloko" (hapana, ongeza kidogo) inaingia kana kwamba mchezo ulitungwa ukimsubiri mama muuzaji wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Asiye na kazi naye hutikisa kichwa kwa sauti hiyohiyo ya `no`, kwa hiyo tia pia "Apana" tupu, isije ikawa mtu asiyeuza chochote anakudai uongeze. Midomo ya wanakijiji haisogei, hivyo hakuna wasiwasi wa maneno kutolingana na uso.

Jambo linalowashangaza wengi ni mchezo kuivuta sauti juu na chini kila inapolia. Mtu mzima hupigwa kwa kasi ya kati ya 0.8 na 1.2, mtoto kati ya 1.3 na 1.7. Rekodi moja ya "Yambo" ya sekunde 0.6 itasikika mara kama mzee anayejivuta, mara kama kijana mwenye haraka. Hii ni faida kubwa, maana watu wawili wanaorekodi wanatosha kujaza kijiji. Lakini usirekodi watoto halisi kwa ajili ya watoto wa mchezo. Mchezo utaikimbiza sauti yao nyembamba mpaka iwe kama ya panya. Na sauti nzito mno ya kiume ikishuka hadi 0.8 inageuka ngurumo. Sauti ya katikati, isiyoigizwa sana, ndiyo inayovumilia kuvutwa.

Kurekodi kwenyewe simu inatosha, ila si kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Faili hilo ni Opus, na Minecraft inasoma OGG ya aina ya Vorbis tu. Kulibadilisha jina kuwa `.ogg` hakusaidii kitu. Vilevile MP3 iliyopewa jina jipya. Tumia programu ya kinasa sauti ya simu, kisha pitisha faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, au kwa amri moja ya FFmpeg, programu ya kubadili aina za faili:

`ffmpeg -i yambo.m4a -ac 1 -ar 44100 -c:a libvorbis -q:a 4 yambo1.ogg`

Hiyo `-ac 1` ndiyo yenye uzito. Inaifanya sauti kuwa mono, yaani ya mkondo mmoja. Ukiacha stereo, mchezo hauwezi kuipa mwelekeo wala umbali: mwanakijiji aliye nyuma ya ukuta atasikika kama amekukalia begani, kushoto na kulia sawasawa. Mono inafifia kadiri unavyosogea mbali, na kwa kawaida inakoma kwenye bloku 16. Kosa hili linaharibu kazi nzuri ya watu.

Kuhusu kelele za mtaani, chombo cha Audacity cha kupunguza kelele kinaweza kelele isiyobadilika tu. Jenereta ya jirani, umeme ukikatika, inasafishika: chagua nusu sekunde ambayo hakuna anayesema, chukua sampuli ya kelele, kisha punguza kwa dB 12. Ukipita hapo sauti inaanza kulia kama iko ndani ya bomba. Mvua juu ya mabati na pikipiki inayopita haziondoki; subiri, rekodi upya.

Kisha kata kimya cha mwanzo. Kwa `entity.villager.hurt` hili ni la lazima, maana ukiacha hata sekunde 0.2, mtu anapigwa kwanza na "Mama yee!" inamfuata baadaye, kama mwangwi. Lakini angalia "Yambo" kwa karibu kwenye skrini: ile "Y" inaanza kama uzi mwembamba kabla ya wimbi kunenepa kwenye "a". Mkono mwepesi unaukata uzi huo ukidhani ni kimya, na kinachobaki ni "ambo". Vuta picha ikue, acha uzi wote, kata kabla yake.

Faili ya `pack.mcmeta`, inayoitambulisha pakiti kwa mchezo, inabeba namba ya muundo: 15 kwa toleo 1.20.1, 34 kwa 1.21.1, 46 kwa 1.21.4. Kuanzia 1.21.9 inatakiwa `min_format` na `max_format`. Namba isipolingana mchezo unaonya, ila kwa kawaida ukikubali sauti zinaingia.

Pakiti isipoonekana kabisa kwenye menyu, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ama umebana folda badala ya vilivyomo, hivyo `pack.mcmeta` imezama ngazi moja ndani ya zip. Ama Windows imeficha mwisho wa jina na faili kwa kweli ni `pack.mcmeta.txt`. Ikionekana lakini salamu zako hazisikiki, tafuta herufi kubwa kwenye majina (`Yambo1.ogg` haikubaliki, yote yawe madogo, bila nafasi), au koma iliyozidi mwishoni mwa orodha ya JSON. Koma moja tu inaangusha `sounds.json` yote. Faili `logs/latest.log` hutaja linalokosekana, kwa hiyo lisome kabla ya kuanza kubahatisha. Ukishasahihisha, bonyeza F3 na T kwa pamoja. Pakiti inasomwa upya bila kufunga mchezo. Kujaribu haraka, andika `/playsound minecraft:entity.villager.no neutral @s`, ila amri hii haichezi na kasi, kwa hiyo maliza jaribio mbele ya wanakijiji wenyewe.

Kasoro ambayo haina dawa ya haraka ni simu. Vijana wengi wanacheza Minecraft kwenye simu, na hiyo ni Bedrock: inataka `manifest.json` yenye UUID (namba za utambulisho) zake na `sound_definitions.json`, na zip ya Java haifunguki humo. Faili za OGG zinatumika tena, lakini maandishi yote yanaandikwa upya. Inauma, kwa sababu hao hasa ndio wangefurahia kusikia lugha ya nyumbani.

Kwa wanaocheza pamoja kwenye kompyuta, sauti husikika kwa yule tu aliyeweka pakiti kwenye mashine yake. Kugawana si tatizo: sauti 20 za sekunde moja moja kwa ubora huo hazifiki hata nusu ya mega. Itume WhatsApp kama hati, au kwa Bluetooth, na kila mmoja aitie kwenye folda ya `resourcepacks` kabla ya kuingia.