Multimita ya trekta ya nyasi: anza kwa kukagua nyaya zake

Tangu masika ianze, malalamiko ninayoletewa na watunza bustani wa Karen na Runda, hapa Nairobi, yanafanana. Trekta ya nyasi inagoma kuwaka, au injini inanguruma na visu havizunguki. Multimita, yaani mita ya kupimia umeme, inasema kifaa fulani kimekufa, kipuri kinanunuliwa kwa hela nyingi, na shida inabaki palepale. Mara nyingi kilichoharibika ni nyaya za mita.

Sitapoteza muda kwa ukubwa wa kioo wala wingi wa vitufe. Mita yoyote yenye nyaya nzima itakusomea betri: ikiwa imejaa na imepumzika, karibu volti 12.6, injini ikiwa mbio na inachaji vizuri, 13.5 hadi 14.5. Vipimo vinavyowaangusha mafundi ni vile vya omu chache, yaani vya ukinzani mdogo wa umeme.

Chukua klachi ya umeme inayoshika visu. Koili yake, yaani waya uliosokotwa ndani yake, ikiwa nzima huwa na takriban omu 3, ingawa namba kamili iko kwenye kitabu cha mashine yako. Nyaya mbovu zikiongeza omu 1.5, kioo kitaonyesha 4.5, na fundi ataihukumu klachi, kipuri kilicho miongoni mwa vya bei kali zaidi kwenye umeme wa trekta. Nyaya hizo zina nyuzi chache za shaba, plastiki yake hukakamaa, na hukatikia ndani pale waya unapoingia kwenye mshikio, mahali ambapo jicho halioni. Zikikatika kabisa, betri nzima itasoma sifuri, na swichi ya usalama iliyo chini ya kiti, isiyo na kosa, itaonekana imekufa.

Kwa hiyo jaribu mita palepale kaunta. Iweke kwenye omu (200 kama ina chaguo hilo), gusanisha ncha mbili, subiri namba itulie. Kati ya 0.1 na 0.3 ni sawa. Kisha kunja kila waya karibu na mshikio, halafu karibu na plagi. Namba ikirukaruka, rudisha. Muuzaji akikataa kufungua boksi, nenda duka la pili, kwenye barabara ya Luthuli mjini mita hazikosekani.

Chaguo langu la kwanza ni UNI-T UT210E, na sioni aibu kuipendelea. Ni klampu ndogo, mita yenye taya za kubana waya, inayosoma ampea za DC (umeme wa betri), na hapo ndipo wengi hupotea, kwani klampu nyingi za bei nafuu husoma AC (umeme wa ukutani) pekee na hazikufai kwa saketi za betri. Funga taya zikiwa tupu, bonyeza ZERO, kisha bana waya mmoja tu unaoenda kwenye klachi na uwashe visu. Ikisoma karibu ampea 4, koili ni nzima, na hukuhitaji kuziamini nyaya hata kidogo. Kiwango chake cha ampea 2 kitakuonyesha pia kama kuna kitu kinanyonya betri usiku. Kasoro yake ni kwamba inaishia ampea 100, na stata (mota ya kuanzishia injini) ya injini kubwa huweza kupita hapo.

Kwa stata, tumia volti. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri, nyingine chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi 0.3, waya wa hasi haujashika vizuri: fungua boliti, kwangua rangi na kutu, kaza tena. Solenoidi, ile swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye stata, ikilia "tak" bila stata kuzunguka, anza na kipimo hiki kabla hujanunua chochote.

Ya pili ni UT139C, ya kampuni hiyohiyo, kwa anayetaka mita ya kawaida iliyo imara. Ya tatu ni Fluke 101: imara sana, unaiamini, ila haipimi ampea hata moja, na kwa bei yake hilo linaniuma.

Zile DT-830 ndogo za chini ya elfu moja zinatosha kwa fyuzi na betri. Tundu lake la 10A kwa kawaida halina fyuzi. Ukiacha waya humo kisha ukagusa betri, nyaya zinayeyuka mkononi.

Mita yoyote utakayonunua, usiguse nayo waya wa kuzimia injini wakati injini inawaka. Waya huo unatoka kwenye koili inayowasha plagi ya injini, una mamia ya volti, na unaua mita. Usiupelekee volti 12 pia, utaiunguza koili.

Linalonikera zaidi ni mchezo wa maboksi. Mita halisi inauzwa ikiwa na nyaya nyingine kabisa, zile nzuri zimeshauzwa pembeni. Wengine wanabandika jina la Fluke kwenye mita ya njano isiyojulikana ilikotoka, kisha wanadai bei ya Fluke. Mtunza bustani anayelipwa kwa siku hawezi kuumia hivyo mara mbili. Dai risiti iliyoandikwa modeli kamili, na chini yake muuzaji aandike kwamba nyaya ni za kiwandani. Kama mita ni nzima lakini nyaya ni duni, nunua jozi ya silikoni yenye plagi za milimita 4, uipime kwa omu kabla ya kulipa.