Mota ya umeme kwenye Black Mamba: miezi saba ya kupandisha samaki Kiboswa

Nina miaka 51, na kwa miaka 19 nimebeba samaki kwa baiskeli ya chuma aina ya Black Mamba. Alfajiri nachukua ngege na mbuta Dunga, napita mjini Kisumu, Kondele, Mamboleo, kisha napanda hadi Kiboswa, ambako akina mama wanaokaanga wananingoja kabla ya saa tatu. Anayeijua barabara ya Kakamega anajua kwamba ukishaiacha Mamboleo, tambarare imekwisha. Kreti yangu pamoja na barafu ni kilo 40. Mwaka jana goti la kulia likaanza kuvimba, nikawa nashuka na kusukuma, na samaki anayefika saa nne hana bei ya yule wa saa mbili.

Kununua pikipiki sikutaka. Mamba hii nimeijua kila nati. Nikaamua kuitafutia mota.

Ya kwanza niliyoijaribu ni ya binamu yangu kule Ahero, ya petroli. Ni injini ndogo ya mipigo miwili inayokaa katikati ya fremu, na cheni ya pili upande wa kushoto. Wauzaji huiita 80, yaani cc 80 za ukubwa wa injini, lakini silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni inasafiri milimita 38. Piga hesabu utapata cc 66 hivi. Ina nguvu, sikatai. Unakanyaga kidogo, unaachilia klachi, inawaka. Kwake inamfaa kabisa kwa sababu kule ni uwanda wa Kano, mashamba ya mpunga, hakuna kilima. Kwangu ilinishinda kwa mambo mawili. Gia ni moja tu, kwa hiyo mlimani ukipoteza mwendo injini inazimika na unarudi kukanyaga ukiwa umebeba chuma cha ziada. La pili ndilo lililoniumiza zaidi. Petroli yake huchanganywa na oili, mililita 60 kwa lita wakati injini ni mpya, na moshi wake ni mzito. Niliiazima kwa wiki moja. Siku ya tatu mama mmoja wa Kiboswa alinusa ngege, akamrudisha kwenye kreti, akaniambia, "Baba, hawa leo wananuka gereji." Nilirudi na kreti nusu.

Kuna jambo lingine nililoliona kwa binamu ambalo lingenisaidia baadaye kama ningelitilia maanani. Gia kubwa ya injini ile, ya meno 44, haifungwi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Inabanwa kwenye spoku zenyewe kwa bolti tisa na vipande vya raba. Imetengenezewa gurudumu la spoku 36. Gurudumu la nyuma la Mamba lina 40. Bolti hazipati nafasi sawa, gia inacheza, na yeye kila mwezi anabadilisha spoku mbili tatu.

Nikaenda kununua ya umeme. Duka sitalitaja. Niliwaeleza vizuri: Black Mamba, tairi 28, mzigo kilo 40, mlima. Walitaka kunipa mota kubwa iliyoandikwa wati 1000. Hapo nashukuru nilikuwa nimeuliza watu kwanza. Mota kubwa za aina ile hazina gia ndani, zinataka mwendo wa kasi ndipo zifanye kazi vizuri. Ukizipandisha mlima polepole na mzigo zinakula betri na kuchemka. Ndogo yenye gia ndani, hata ya wati 350, inavuta vizuri zaidi mwendo ukiwa mdogo, na ukizima umeme gurudumu linazunguka huru kama baiskeli ya kawaida. Nikachukua hiyo, ya gurudumu la nyuma, volti 36. Ya mbele ni rahisi kufunga, lakini mzigo wangu wote uko kwenye keria. Mlimani gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye murram lingeteleza tu. Seti ilinigharimu shilingi 24,000, na betri ya lithiamu ya ampea-saa 13 shilingi 27,000. Walikuwa na betri za asidi za bei nafuu, tatu kwa pamoja zaidi ya kilo 12. Nikikubali hizo, nimepunguza samaki.

Nikauliza mara mbili kama rimu ni ya Mamba. "Mzee, 28 ni 28," kijana wa duka akanijibu.

Si kweli, na hili ndilo ninalotaka kila mwenye Mamba alisikie. Kuna 28 zaidi ya moja. Rimu ya Mamba, ile ya tairi la 28 kwa 1½, ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Rimu iliyokuja na mota ni 622. Tairi la Mamba likivalishwa hapo linapwaya, na ukilijaza upepo linatoka. Wazo langu la pili lilikuwa kuing'oa mota na kuisuka kwenye rimu yangu ya zamani. Haikuwezekana. Habu ya mota ina matundu 36, rimu yangu ya nyuma 40, ya mbele 32. Hakuna hata moja inayolingana. Nimeendesha baiskeli hii miaka yote hiyo na sikuwahi kuzihesabu spoku zake. Duka lilikataa kurudisha pesa kwa sababu nilikuwa nimefungua boksi.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja kijana karibu na Kibuye. Alitoza shilingi 3,500 kwa siku mbili, na ningemlipa mara mbili. Mota ilibaki kwenye rimu yake ya 622, tukaivalisha tairi la mtumba. Kitu cha kwanza hakugusa mota. Alichukua rula akapima nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu: milimita 115. Mota inataka 135. Kuna mafundi ambao wangepanua kwa nguvu za mikono na kupindisha upande mmoja. Yeye aliweka chuma chenye nyuzi katikati na nati mbili, akawa anaifungua robo mzunguko, anaacha, anapima, anaongeza. Fremu ya Mamba ni chuma cha kweli, inakubali. Ingekuwa aluminiamu asingeithubutu. Kisha akafunga uzi kutoka mguu wa kulia wa nyuma, ukazunguka shingo ya fremu mbele, ukarudi mguu wa kushoto, akapima umbali wa uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Kulia na kushoto zilipolingana ndipo akaniambia nilete mota. Nilikaa kwenye debe nikimtazama, na moyo ukatulia.

Ekseli ya mota haifanani na ekseli ya kawaida. Gurudumu linapovutwa mbele, ekseli inataka kujizungusha nyuma, na ikifaulu inakata waya zake zenyewe. Ndiyo maana ina pande mbili bapa, zilizoachana milimita 10. Kwenye boksi kulikuwa na vipande vyembamba vya kuizuia, fundi akavikunja kwa koleo mbele yangu nione ulaini wake. Akachukua spana mbili kuukuu namba 10, akazikata, akabana mdomo wa spana kwenye bapa na mkia wake kwenye bomba la fremu, kila upande moja. Miezi saba, ekseli haijasogea. Friwili yangu ya zamani, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni, iliingia kwenye nyuzi za mota bila tatizo, ikawa ni kuongeza washa moja, kile kipande cha duara cha chuma, ili cheni inyooke. Waya unaoingia kwenye ekseli aliuacha ulegee na kushuka chini ya ekseli kabla ya kupanda kwenye fremu, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota. Mvua za Aprili tumezipita salama.

Breki ndiyo ilitusumbua. Breki za Mamba ni za fito, zinavuta kutoka chini na kubana rimu kwa ndani. Rimu mpya ni ndogo na umbo lake ni tofauti, raba hazigusi kitu. "Mzee wangu," fundi akasema, "hapa nyuma umebaki bila breki, na wewe unashuka Kiboswa." Alinipeleka kwa mchomeleaji wa jirani, wakachomelea vishikio, tukafunga breki za kubana kutoka baiskeli ya mtumba, kwa shilingi 1,800. Nilikuwa nimewaza kupanda tu. Mtu akifunga mota ya nyuma kwenye Mamba bila kutengeneza breki, nitamwomba aivue.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye tambarare nakanyaga mwenyewe na mota naipa kidogo. Baada ya Mamboleo naiachia, lakini siachi kukanyaga, maana gia za ndani ni za nailoni na mzigo wa kuondokea ukiziangukia zenyewe zitaisha upesi. Napanda mwendo wa kilomita 12 kwa saa hivi, nafika Kiboswa nikiwa na pumzi ya kuzungumza bei. Betri inabaki karibu nusu. Kurudi ni mteremko, haitumiki karibu kitu. Kuijaza kutoka mwanzo hadi volti 42 kunakula kama nusu uniti ya umeme, na hakuna siku niliyolazimika kujaza yote. Stima ikipotea usiku, bado nina ya kunifikisha. Betri iko katikati ya fremu, mbali na maji ya barafu, na sijazi hadi ipoe.

Kasoro iliyobaki ni tairi la nyuma. Tairi nene za rimu ya 622 ni adimu mjini. Niliyonayo ni ya mtumba, imetoboka mara nne, na kutoa gurudumu lenye mota kando ya barabara ni spana, waya na dakika 40, samaki wakingoja. Goti, hata hivyo, halijavimba tangu Februari, na yule mama wa Kiboswa sasa ananunua kilo mbili zaidi.