Upasuaji mzuri, maabara wazuri, ila fomu ya ridhaa hapana (hospitali binafsi, Dodoma mjini)

Nimempeleka shangazi yangu hospitali moja binafsi hapa Dodoma mjini kutolewa uvimbe kwenye titi, naandika kwa ajili ya wote wanaopeleka wazee wao wakakutana na kale kamstari ka mwisho kwenye fomu ya ridhaa, kanakoruhusu kinyama cha mgonjwa kitumike kwenye utafiti. Jina la hospitali siliweki, malalamiko nimeshawapelekea uongozi kwa maandishi na wameyapokea, kwahiyo wapewe nafasi ya kurekebisha.

Huduma yenyewe iko poa kwakweli. Mapokezi hawana majivuno, bima ilipita bila kuzungushwa, wodi safi, na dokta aliyemfanyia upasuaji ni mtu wa kukaa chini na mgonjwa, alimwambia shangazi huu uvimbe tunautoa wote alafu tunaupeleka maabara tujue ni wa aina gani, na baada ya upasuaji akapita mwenyewe jioni kumjulia hali. Hapo sina neno. Parking ndogo tu, ukichelewa asubuhi unapaki barabarani na vumbi la Dodoma mnalijua.

Shida ni kwenye kusaini. Fomu ni moja, iko kingereza, na inaletwa mgonjwa akiwa ameshavaa gauni la theatre na dripu iko mkononi. Juu ni ridhaa ya upasuaji na ya dawa ya usingizi, sawa, chini kabisa kwa maandishi madogo wameandika kwamba kinyama kitakachobaki baada ya vipimo kinaweza kuhifadhiwa na kutumika kwenye utafiti, hapa na kwa washirika wao. Sahihi moja kwa vyote. Nikamuuliza nesi, sista, akikubali upasuaji akakataa hii ya utafiti inakuaje? Akasema aah hiyo ni kawaida tu, wote wanasaini. Jamani. Mtu hajala toka jana usiku, anaogopa kisu, anaogopa kuambiwa ana kansa, alafu unampa karatasi ambayo kwa jinsi ilivyo anaelewa kwamba asiposaini yote harudi na uzima wake, huyo atakataa vipi? Utaratibu wa ridhaa unajulikana dunia nzima, mgonjwa akikataa utafiti matibabu yake hayaguswi, na anatakiwa aambiwe hivo kwa mdomo kabla hajashika kalamu.

Na msidhani shangazi anaogopa utafiti. Ni mtu wa Kongwa, na watu wa Kongwa utafiti wanaujua kuliko sisi wa mjini, toka miaka ya 80 watafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoleta upofu, walikua wanapita vijiji vya kule, wakiwemo wa Johns Hopkins ya Marekani, wanageuza kope wanachukua sampuli, na mambo mengi ambayo dunia inayajua leo kuhusu kunawisha watoto uso kuzuia upofu yamepimwa kule. Nilipomweleza kwa kigogo ule mstari unasema nini hakukasirika, aliuliza tu. Kitakaa miaka mingapi? Kikipelekwa ulaya nani ataniambia? Kikisomwa kitasema na habari za wanangu? Na nikifa je, kinabaki kuwa cha nani? Nesi hakua na jibu hata moja.

Aliyetuokoa ni kijana wa maabara, huyu apandishwe cheo. Alikuja kitandani akavuta kiti akaeleza taratibu: kinyama kinawekwa kwenye formalini kisioze, kinatolewa maji, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta ikiganda ndo inaitwa bloku, wanakata vipande vyembamba kuliko unywele wanavipaka rangi daktari wa patholojia anavisoma kwenye hadubini. Bloku inakaa kwenye droo bila friji na miaka mingi baadae bado inasomeka. Akasema kitu ambacho kwenye fomu hakipo kabisa, kwamba sababu ya kwanza ya kuitunza ni mgonjwa mwenyewe, ugonjwa ukirudi wanalinganisha au wanaongeza vipimo vya kuchagua dawa. Hiyo ni matibabu. Utafiti ni jambo jingine, jina linaondolewa inawekwa namba, lakini hakuficha, alisema kuna orodha inayounganisha namba na jina na ndo maana anayeitunza lazima ajulikane. Na kupeleka sampuli nje ya nchi kunataka kibali kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kuhamisha sampuli, mtu habebi tu kwenye begi. Shangazi akatulia kabisa. Sasa kama maelezo yapo na mtu wa kuyatoa yupo, kwanini tuyapate kwa bahati?

Kwa wanaosema nakuza mambo, wasome yaliyowapata Wahavasupai, kabila dogo la Arizona linaloishi ndani ya Grand Canyon. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha Arizona State wakijua ni ya kisukari kilichokua kinawamaliza. Baadae wakagundua damu ileile imetumika kwenye mambo ya skizofrenia, ugonjwa wa akili, na kwenye utafiti wa mababu zao walitokea wapi, unaopingana na wanavyojisimulia wenyewe asili yao. Walienda mahakamani, 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 na damu iliyobaki ikarudishwa. Na Henrietta Lacks je, aliyechukuliwa seli za kansa 1951 bila kuombwa, hapohapo Johns Hopkins, seli zikazaa dawa na biashara duniani kote huku familia inakuja kusikia zaidi ya miaka 20 baadae. Ukishampa mtu kinyama umempa na habari za watoto wako, maana vinasaba (DNA) wanarithi kwako, kwahiyo lile swali la shangazi kuhusu wanawe lilikua swali la kitaalamu kabisa.

Dokta mmoja aliniambia tukianza kumuuliza kila mtu upya kwa kila utafiti kazi zitakufa, watu wanahama, namba za simu zinabadilika. Namuelewa, na mi nataka kansa za wanawake wa huku zisomwe, maana dawa nyingi zimejaribiwa kwenye miili ya watu wa mbali. Ila dawa ya hilo ni fomu ya pili, ya kiswahili, itolewe siku ya kliniki mtu aende nayo nyumbani, iwe na viboksi: sitaki, ugonjwa huu tu, ugonjwa wowote kamati ya maadili ikiridhia, ndani ya nchi tu, na namba ya kupiga nikibadili mawazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inaziweka taarifa za afya na za vinasaba kwenye kundi nyeti, kwahiyo sio fadhila tunaomba.

Majibu yalitoka, sio kansa, tunamshukuru Mungu. Ule mstari wa chini tulikubaliana ukatwe kwa kalamu, shangazi akaweka dole gumba kwenye upasuaji tu, na siku ya kutoa nyuzi akasema mwenyewe kwamba utafiti wa matiti hapahapa Tanzania anakubali, nje hapana. Ikabidi tuandike kwa mkono kwenye karatasi nyeupe wakaibandika kwenye faili.

Upasuaji nyota 5, maabara 5, fomu 1. Ukienda na mzee wako omba fomu mapema, kabla ya siku ya theatre, na ulizia maabara, watakuja.