Uzoefu wangu na matairi ya Bridgestone BT46 kwenye Honda CB750 ya mwaka 1976

Niliponunua pikipiki hii, kitu cha mwisho nilichokitilia shaka kilikuwa matairi. Kashata zake (mikato ya mpira inayogusa barabara) zilikuwa nzima, ukuta wa pembeni haukuwa na nyufa za kutisha, na muuzaji alikuwa ameyapaka dawa ya kung'arisha hadi yakafanana na mapya. Pikipiki ilikuwa nzito kuingia kwenye kona, na ikishaingia ilitaka kujiinua yenyewe, lakini nilijiambia kwamba chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 200, kilichoundwa nusu karne iliyopita, hakiwezi kuwa na wepesi wa pikipiki za leo. Nikabadilisha beringi za usukani. Nikabadilisha bushi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Tabia haikubadilika hata kidogo, na ndipo nikapiga magoti na kusoma maandishi ya kwenye matairi, kazi ambayo ingenichukua dakika tano siku ya kwanza.

Tairi la mbele lilikuwa la saizi ya kiwandani, yaani 3.25-19 (upana wa inchi 3.25 kwa rimu ya inchi 19), lakini tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT, ule unaochapwa ubavuni mwa tairi, zilisomeka 3109. Tarakimu mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo tairi lile lilitengenezwa katika juma la 31 la mwaka 2009. (Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai kuwa barabarani hata kama halijawahi kutembea.) Mpira wake ulikuwa umekakamaa kiasi kwamba ukucha haukuacha alama. Hapo nilielewa kwa nini breki ya mbele ilikuwa inafanya gurudumu liteleze kwenye lami yenye unyevu kidogo tu: kina cha kashata hakisemi chochote kuhusu ulaini wa mpira, na tairi linaweza kuzeeka likiwa limesimama bandani.

La nyuma ndilo lililokuwa chanzo cha uzito. Honda waliiwekea pikipiki hii tairi la 4.00-18, ambalo kwa vipimo vya milimita hukaribiana na 110/90-18. Mwenye nayo wa awali alifunga 130/90-18, yaani la upana wa milimita 130, bila shaka kwa sababu linapendeza likitazamwa kwa nyuma. Tatizo ni kwamba rimu ya nyuma ina upana wa inchi 2.15, nayo ni nyembamba mno kwa tairi la upana huo. Kingo za tairi zinapobanwa karibu karibu namna hiyo, tumbo lake huchomoza na umbo lote hubadilika, hivyo sehemu inayogusa barabara siyo ile iliyokusudiwa na mtengenezaji. Kwa maneno mengine, mtu anaongeza upana akidhani anaongeza mshiko, kumbe anaharibu umbo linalompa mshiko huo. Juu ya hayo, tairi lilikuwa limeanza kulamba kifuniko cha cheni kila nilipobeba abiria.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza lilikuwa kurudi kwenye saizi za kiwandani mbele na nyuma. Sharti la pili lilikuwa kununua yote mawili kwa pamoja, ya aina moja. Sikutaka radiali, yaani matairi ambayo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, kwa sababu rimu hizi na fremu hii vilibuniwa kwa matairi ya nyuzi za mshazari, na kuchanganya radiali na mshazari kwenye pikipiki moja bila idhini ya mtengenezaji ni kuomba mtikisiko.

Nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa kwa tairi la Dunlop TT100. Jina hilo lilitokana na mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Isle of Man ya mwaka 1969, ambako Malcolm Uphill, akiwa juu ya Triumph Bonneville, alikuwa wa kwanza kuzunguka njia ile kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa akitumia pikipiki ya aina inayouzwa madukani. Kashata zake zinaendana na sura ya pikipiki za enzi hiyo kuliko tairi lolote la kisasa. Hata hivyo mimi huendesha sana wakati wa mvua, nami nilitaka mpira wa kizazi kipya ndani ya saizi ya zamani. BT46 ilitoka mwaka 2020 kuchukua nafasi ya BT45, na tairi lake la nyuma limechanganywa silika (unga wa madini) ili lishike vizuri kwenye maji. Nilichagua 3.25-19 yenye alama 54H na 4.00-18 yenye alama 64H. Namba 54 maana yake ni kwamba tairi linabeba hadi kilo 212, namba 64 ni kilo 280, na herufi H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Vyote hivyo vinatosha pikipiki hii ikiwa na watu wawili na mizigo.

Mzigo wa kwanza nilioletewa niliurudisha. Tairi la mbele lilikuwa jipya kabisa, lakini la nyuma lilikuwa limekaa ghalani miaka kadhaa, na duka halikuwa limesema lolote. Tangu hapo huomba picha ya tarakimu za tarehe kabla ya kulipa.

Kufunga nilifunga mwenyewe. Matairi haya ni tyublesi, yaani yanaweza kufungwa bila tyubu, lakini rimu zangu ni za spoki na hupitisha upepo, hivyo nilitia tyubu mpya za saizi ileile pamoja na utepe mpya wa kufunika vichwa vya spoki. Niliyaacha juani kwa muda wa saa mbili yalainike, nikapaka maji ya sabuni kwenye kingo, nikahakikisha mshale wa mzunguko unaelekea mbele, na nikaweka alama ya doa la rangi usawa wa valvu. Nati ya valvu sikuikaza hadi kwenye rimu. Niliipandisha juu hadi kwenye kifuniko. Valvu ikionekana imelala upande, nitajua kwamba tyubu inatembea ndani kabla haijachanika. Tairi la nyuma lilinisumbua kukaa sawa, na ilinibidi nitoe upepo na kuanza upya mara mbili hadi ule mstari mwembamba wa pembeni ulipolingana na rimu pande zote.

Kilomita 150 za kwanza niliendesha taratibu, maana tairi jipya huteleza hadi ngozi yake ya juu iishe. Lakini wepesi niliuhisi kwenye kona ya kwanza kabisa. Pikipiki ililala kwa kusukuma usukani kidogo tu, ikabaki pale nilipoiweka, na ile hamu ya kujiinua ikatoweka. Kwenye mvua, tofauti na tairi lile la 2009 haielezeki kwa upole: sasa naweza kufunga breki ya mbele kwa imani.

Upepo ulihitaji majaribio. Nilianza na vipimo vya kitabu cha pikipiki, nikaona mbele panalegea, na hatimaye nimetulia kwenye psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 32 mbele na 36 nyuma nikiwa peke yangu, nikipima matairi yakiwa baridi. Tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo, kwa hiyo mimi hupima kila juma.

Kasoro ninazo mbili. Mbele, tairi hufuata mifereji iliyochongwa kwenye lami kwa urefu wa barabara, na usukani hucheza. Si hatari, lakini aliyezoea tairi pana atashtuka. Nyuma, linaisha haraka kuliko nilivyotarajia: baada ya kilomita 7,000, sehemu ya katikati imeanza kuwa bapa na kina cha mifereji kimepungua zaidi ya nusu, ilhali la mbele bado liko karibu na upya. Sehemu kubwa ya safari zangu ni barabara kuu zilizonyooka, kwa hiyo lawama hiyo nagawana na tairi. Nimeshaagiza la nyuma jingine, 4.00-18 hilohilo, na safari hii picha ya tarehe ilitangulia.