Uzoefu wangu: wiki moja Bogotá na ratiba ya wakala iliyotupeleka kwenye milango iliyofungwa

Nianze na ubaya ili hasira iishe mapema. Mimi na dada yangu tulimlipa wakala mmoja wa safari, jina nalihifadhi, atupangie wiki ya utamaduni Bogotá, Kolombia. Hoteli safi, dereva wa uwanja wa ndege alikuja kwa wakati, hapo sina neno. Sasa ile ratiba. Ina rangi, ina picha, ina ramani, yani ukiiona unasema huyu mtu kazi anaijua, kumbe aliyeipanga hajawahi hata kuuliza kule kinafungwa nini siku gani.

Tulitua Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi tumeandikiwa Monserrate, ule mlima wenye kanisa jeupe juu. Bogotá yenyewe iko mita 2,640 toka usawa wa bahari, aliyepanda Kilimanjaro akumbuke kibanda cha Mandara, basi mji mzima umekaa karibu na kimo kile, na Monserrate ni mita 3,152. Sisi tumetoka Dar! Tulipanda kwa ile treni ya kamba iliyopo tangu 1929, kufika juu dada akatafuta benchi akashika kichwa, akaniambia mdogo wangu we zunguka tu ukimaliza utanikuta hapa hapa. Na Jumapili ndo siku mahujaji wanafurika, foleni haina mwisho.

Jumatatu: Museo del Oro, makumbusho ya dhahabu. Mlango umefungwa, Jumatatu huwa hawafungui. Haya, twende Museo Nacional, makumbusho ya taifa, lile jengo lililokuwa gereza zamani, nayo Jumatatu imefungwa. Jumanne ratiba inasema Museo Botero, makumbusho ya mchoraji wao Fernando Botero, na yenyewe inafunga Jumanne jamani, Jumanne! Mlinzi alituonea huruma mpaka akacheka. Dada akaikunja ile ratiba mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza ya mgahawa iliyokuwa inayumba, ndo kazi pekee iliyofanya vizuri.

Kuanzia hapo tukajipangia wenyewe na mambo yakanyooka, kwahiyo mnaotaka kwenda nisikilizeni. Siku ya kwanza usifanye chochote cha kupanda. Tembea La Candelaria, mji mkongwe, taratibu, kaa Plaza de Bolívar, uwanja mkuu wa mji, uangalie njiwa na watu, kunywa tinto, hiyo ni kahawa nyeusi inauzwa barabarani na watu wenye chupa za chai, inanikumbusha wale wauza kahawa wetu wa birika na vikombe vidogo, tofauti yao wanatia sukari mno na kashata hakuna. Karibu na uwanja kuna kimgahawa La Puerta Falsa, wenyewe wanasema kipo tangu 1816, meza chache tu, wanakupa chokoleti ya moto na kipande cha jibini, unalitumbukiza jibini ndani ya kikombe linalainika unalitoa na kijiko. Nilikataa kwanza. Halafu nikarudi siku tatu.

Museo del Oro tuliingia Jumatano na nikasamehe kila kitu. Vitu vya dhahabu maelfu kwa maelfu vya watu waliokuwepo kabla ya Wahispania, lakini mimi nilikwama kwenye kitu kimoja, kile kichelezo cha dhahabu cha Wamuisca, wenyeji wa kale wa huko, kimeokotwa kwenye pango huko Pasca mwaka 1969, hakizidi sentimita 20, kina chifu katikati na watu wake wamemzunguka, mambo ya ziwa Guatavita na zile hadithi za El Dorado, nchi ya dhahabu, zilizowatia Wazungu wazimu. Mwishoni wanawafungia kwenye chumba cha duara, giza, kisha taa zinawaka pole pole na sauti za kuimba, ghafla umezungukwa na dhahabu ukutani kote. Dada alinishika mkono kama mtoto. Kiingilio ni kidogo, Jumapili bure. Museo Botero ni bure siku zote, Botero mwenyewe alitoa picha na sanamu zake 123 pamoja na kazi za wasanii wengine alizokuwa amezikusanya, watu wake wote wanene, hata Mona Lisa kamnenepesha.

Chakula: ajiaco. Supu ya kuku na viazi aina tatu, hindi, parachichi pembeni, na jani linaitwa guascas ndo linaleta harufu. Nikaulizia, wakanionyesha, aisee ni lile gugu ambalo nyanda za juu kwetu tunaling'oa kwenye mahindi tunalitupa!

Usafiri, TransMilenio ni kaka mkubwa wa mwendokasi yetu, wao walianza 2000, unanunua kadi unajaza hela, inabana asubuhi na jioni vilevile. Kupotea ni ngumu kwa sababu milima iko mashariki muda wote. Simu usiitoe ovyo, wana msemo wao "no dar papaya", usitoe papai, yani ukiliacha papai wazi usilalamike likiliwa. Kiingereza sahau, jifunze Kihispania cha salamu, na wamama wa sokoni wakikuita "sumercé" ujue ni heshima na upendo kwa pamoja, nililipenda hilo neno.

Jumapili ya pili, siku ya kuondoka, ndo ilikuwa bora kuliko zote. Saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana wanafunga barabara kubwa kubwa, zaidi ya kilomita 120, magari hakuna, ni baiskeli, mbwa, vibibi na watoto. Tulitembea katikati ya barabara ya Séptima kama harusi yetu. Ile Jumapili ya kwanza tuliipita hiyo hiyo kwenye teksi, dereva analaani kwa kuzungushwa, na sisi hatujui tunachokiacha. Kwahiyo panga wiki yako iguse Jumapili mbili, na angalia kalenda yao, sikukuu nyingi wanazisogeza Jumatatu.

Zipaquirá, lile kanisa la ndani ya mgodi wa chumvi, tulienda Alhamisi kwa basi, zuri, ila taa za rangi zimezidi.

Mji naupa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyopungua ni mvua. Wakala mbili. Nilimwandikia kuhusu Jumatatu na Jumanne, akanijibu kwa emoji ya viganja viwili vimeungana, mpaka leo.