Mafuta ya alizeti ni mazuri, ila karatasi ile ibanduliwe

Huu ni mwezi wa nne natumia mafuta ya alizeti ya mashine moja ya kukamua hapa Moshi mjini. Jikoni sina lawama nayo. Unafika na dumu lako, mbegu zinamiminwa juu, mashudu yanatoka upande huu kama vigae vyeusi, na mafuta yanachuruzika upande ule, bado ya vuguvugu. Ukifungua dumu nyumbani, jiko zima linanukia mbegu za kukaanga. Kitunguu kikiingia yanafanya povu. Msishtuke, mafuta yasiyosafishwa ndivyo yalivyo, punguza moto. Kwa mchicha, ngogwe na maharage ya kuunga sijaona ya kuyashinda. Kwa maandazi hapana, yanawahi kutoa moshi.

Kilichonifanya niandike ni karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya mizani: MAFUTA YETU HUZUIA SARATANI YA TITI.

Dada yangu mkubwa, anayeishi Kibosho, alitolewa titi la kushoto mwaka juzi. Tangu hapo hagusi mafuta. Kila kitu anachemsha kwa chumvi, na anaamini chipsi alizokuwa akiuza na kula ndizo zilizomponza. Siku nilipokwenda naye aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, kwa hiyo ningetumia haya nisingeugua?"

Hapana, dada. Na hakuna anayeweza kusema chipsi zako ndizo zilizokuletea ugonjwa.

Jambo hili limepimwa kwa wanawake wengi mno. Marekani walichukua wanawake 48,835 waliokwisha koma hedhi, wa miaka 50 hadi 79, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine wapunguze mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka, wengine waendelee kula kama kawaida. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha saratani ya titi imepungua kwa asilimia 9 tu kwa waliopunguza mafuta, tofauti ndogo inayoweza kuwa imetokea kwa bahati. Walipofuatiliwa kwa karibu miaka 20, vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 21 katika kundi hilo. Ni habari njema, lakini nani atasema ni mafuta au ni mboga, wakati vyote vilibadilishwa pamoja?

Penye ushahidi mzito ni kwingine. Pombe huongeza hatari, na mbege yetu ni pombe. Unene baada ya kukoma hedhi huongeza pia, kwa sababu mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni, homoni inayozilisha saratani nyingi za titi. Hapo ndipo mafuta ya kupikia yanapoingia kwa kuzunguka: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni. Kunyonyesha na kuushughulisha mwili hupunguza hatari, lakini hakuna kinachoifuta. Wako waliofanya yote hayo na wakaugua.

Nilimweleza kijana wa mizani. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mama, mimi nimeajiriwa tu." Wiki iliyopita karatasi bado ilikuwepo. Mwenye mashine, tafadhali ibandue. Mafuta yako yanajiuza yenyewe kwa harufu, na mwanamke mwenye uvimbe anaweza kuisoma akaahirisha hospitali. Uvimbe kwenye titi, ngozi iliyobonyea, chuchu inayotoa damu: hayo ni ya daktari siku hiyohiyo.

Dada Jumapili alikula mchicha niliounga kwa kijiko kimoja. Alianza kwa kuonja ncha ya kijiko tu, akanyamaza, akavuta sahani.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Lita 5 nililipa shilingi 35,000. Dumu liwe kavu kabisa, maana maji yakibaki ndani mafuta huwahi kuchacha, na mkifika nyumbani liacheni litulie siku mbili mashapo yashuke.